Kampuni ya kutafuta wafanyakazi inapokupigia kuhusu kazi ya serikali

Swali: "Nina shahada ya uhasibu na uzoefu wa miaka minane, mitano kati yake kwenye ukaguzi wa mifumo ya kompyuta. Nimeajiriwa sekta binafsi. Wiki chache zilizopita alinipigia mtu wa kampuni ya kutafuta wafanyakazi. Alisema taasisi moja ya serikali imewapa kazi ya kuitafutia mkuu wa kitengo cha ukaguzi wa ndani, na kwamba jina langu amelipata kwa watu wa fani. Akaomba wasifu, nakala za vyeti na majina ya wadhamini, nikamtumia. Baadaye nimekuta tangazo la nafasi hiyohiyo kwenye tovuti ya taasisi, na linasema maombi yatumwe kupitia mfumo wao. Juzi ofisi yake imeniandikia kuwa kuna ada ya kufungua faili, na kwamba wanaopitia kampuni wanaanzia moja kwa moja kwenye usaili. Mke wangu anasema ni matapeli. Rafiki yangu anasema serikali siku hizi imeziachia kampuni kazi ya kuajiri. Mdogo wangu naye yuko mwaka wa pili kwenye ofisi ya serikali kupitia wakala, na anaamini ni mtumishi wa umma anayesubiri kuthibitishwa. Nani kati yetu yuko sahihi, na mimi nifanye nini?"

Ndugu yangu, nianze na la haraka: hiyo ada ya kufungua faili usilipe, hata kama ni ndogo, hata kama wameahidi kuirudisha. Mengine tutayaendea taratibu, kwa sababu hakuna mmoja wenu aliyepatia yote. Kuhusu ada, mke wako ameona mbali. Rafiki yako ameshika kipande cha ukweli akakigeuza kuwa kanuni. Mdogo wako ndiye anayenitia wasiwasi kuliko ninyi wote, na nitamrudia kwa kirefu, maana anaweza kumaliza miaka akisubiri barua ambayo hakuna mtu anayeiandaa.

Ninavyokusoma, unataka kujua kama huyu mtu ana mamlaka yoyote juu ya kazi unayoitaka, na unaogopa kwamba ukimpuuza utakuwa umejifungia mlango. Hofu hiyo ya pili ndiyo mtaji wa matapeli, na zipo hata kampuni halali zinazoiacha iendelee kwa sababu inawaletea watu wengi. Kwa hiyo tuanze na mamlaka.

Kuajiri mtu serikalini ni mlolongo mrefu. Nafasi lazima iwepo kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi zilizoidhinishwa, iwe na fedha kwenye bajeti ya mishahara, na kibali kitolewe. Ndipo sifa zinaandikwa, tangazo linatoka, waombaji wanatafutwa, maombi yanapokelewa, mchujo unafanyika, mtihani kama upo, kisha usaili, uhakiki wa vyeti, upekuzi kwa nafasi nyeti, uamuzi wa mamlaka ya uteuzi, na mwisho barua ya ajira. Kampuni ya nje inaweza kukodiwa kusaidia hatua za katikati: kutafuta watu, kupokea na kupanga maombi, kufanya mchujo wa awali kwa vigezo ilivyopewa, kuendesha mitihani au vipimo vya uwezo, wakati mwingine kukaa kwenye chumba cha usaili kama mshauri. Hatua za mwanzo na za mwisho hazikodishwi. Kampuni haiwezi kuumba nafasi serikalini, na haiwezi kumteua mtu kuijaza.

Mpaka huo ulichorwa kwa makusudi. Zamani kazi za serikali zilikuwa zawadi ya wakubwa kwa jamaa na wafuasi wao. Uingereza ndiko ilikotoka ripoti ya Northcote na Trevelyan ya mwaka 1854, iliyotaka watu waingie utumishi wa umma kwa mitihani na sifa, na mwaka uliofuata ikaundwa Kamisheni ya Utumishi wa Umma. Marekani walisubiri damu imwagike: mwaka 1881 Rais James Garfield alipigwa risasi na Charles Guiteau, mtu aliyeamini kwamba anastahili kupewa cheo kwa kuwa aliunga mkono kampeni, na Sheria ya Pendleton ikapitishwa mwaka 1883. Kanuni iliyozaliwa humo leo imeenea karibu kila mahali, kwamba mtu aingie kwa sifa, kwa ushindani wa haki na wa wazi, na uamuzi ufanywe na chombo kinachoweza kuulizwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaja katika kifungu cha 232. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2010 kuhusu marekebisho ya katiba na utawala inasema hivyo pia. Tanzania ina Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na Marekani ina ofisi yake ya usimamizi wa watumishi wa serikali kuu. Vyombo hivi havifanani kwa muundo, ila vyote vipo ili aliyekosa kazi aweze kuuliza kwa nini amekosa, na apatikane wa kumjibu. Kampuni binafsi haiwezi kubeba jibu hilo. Inawajibika kwa mkataba wake na taasisi, na wewe si mhusika wa mkataba huo.

Sasa, kama mamlaka yanabaki serikalini, kampuni inaitwa ya nini? Hapa rafiki yako ana hoja, kwa sababu zinaitwa kweli. Sababu ya kwanza ni uhaba wa watu. Mtaalamu wa ukaguzi wa mifumo, wa usalama wa mtandao, wa hesabu za bima, daktari bingwa wa fani finyu, hawa mara nyingi wana kazi nzuri tayari na hawasomi matangazo ya kazi. Tangazo linaweza kukaa wiki tatu likaleta maombi mengi na asipatikane hata mmoja anayefaa. Mtu wa kampuni anachofanya ni kupiga simu kwa watu waliotulia kazini na kuwauliza kama wangefikiria kuhama. Ndivyo alivyokupata wewe, na njia hiyo haina kosa lolote.

Sababu nyingine husemwa mara chache, nami naiona nzito kuliko ya kwanza. Nafasi inapokuwa ya juu kabisa, afisa utumishi wa taasisi ndiye anayetakiwa kuchuja maombi ya mtu atakayekuwa bosi wake. Baadhi ya waombaji ni wakubwa zake wa sasa. Kila jina analolikata au kulipitisha lina gharama kwake mwenyewe. Kumkodi mtu wa nje afanye mchujo wa awali kwa vigezo vilivyoandikwa kunampunguzia mzigo huo, na kunawapa waombaji wa nje imani kwamba mezani hakuna jina lililokwisha kuchaguliwa. Nafasi uliyoitiwa, ya mkuu wa ukaguzi wa ndani, ni mfano mzuri, kwa kuwa kazi yake ni kuwakagua haohao ambao wangemchuja.

Sababu ya tatu ni wingi wa maombi kuzidi nguvu za ofisi. Hiyo siipingi, ila naona kwa nafasi za kuanzia kazi, ambako maelfu huomba, mfumo mzuri wa kielektroniki na mtihani mmoja wa haki hufanya kazi bora kuliko kampuni, na kwa gharama ndogo. Taasisi inayokodi kampuni kwa kila nafasi huishia na kitengo cha utumishi kisichojua tena kuajiri. Nimeona maofisa vijana, wenye shahada za usimamizi wa rasilimali watu, ambao kazi yao imebaki kupeleka barua kwa mkandarasi. Inasikitisha, na umma unaumia.

Serikali nyingi zimeweka masharti kwa matumizi ya kampuni hizi, na za Marekani ni mfano ulio wazi. Kanuni za ajira za serikali kuu kule zinaruhusu taasisi kutumia kampuni ya biashara ya kutafuta wafanyakazi pale ambapo watu wenye sifa ni adimu au wasingepatikana kwa njia nyingine. Taasisi inatakiwa iendelee na juhudi zake yenyewe za kutafuta waombaji, pasiwe na kusema tumemwachia mkandarasi. Kampuni hairuhusiwi kumtoza mwombaji. Na anayeletwa na kampuni hushindana kwa vigezo vilevile na aliyeomba mwenyewe. Popote ulipo, ukitaka kujua kama utaratibu unaouona ni wa haki, upime kwa masharti hayo.

Sasa tuje kwenye fedha, maana ndiko mwenendo wa kampuni unakoeleweka. Kampuni ya kutafuta wafanyakazi inalipwa na mwajiri. Kuna namna ya kulipwa kwa awamu: sehemu inapoanza kazi, sehemu inapokabidhi orodha fupi, na sehemu mtu anapoajiriwa. Hii hutumika zaidi kwa nafasi za juu. Kuna namna ya kulipwa pale tu mtu wao anapochukuliwa, na malipo huhesabiwa kama asilimia ya mshahara wake wa mwaka wa kwanza. Na kuna bei moja iliyokubaliwa kwa kazi yote, bila kujali nani ameshinda. Kwa serikali, namna ya pili ina hatari kubwa. Kampuni ambayo haipati kitu mpaka mtu wake ateuliwe ina sababu ya kumpamba, kumsukuma, hata kunyamazia kasoro zake. Ndiyo maana taasisi makini huchagua bei moja au awamu, huipata kampuni kwa zabuni, na huandika kwenye hadidu za rejea kwamba waombaji wote, wa tangazo na wa simu, wachujwe kwa karatasi moja.

Ukishaelewa hivyo, utaona kwa nini ada ya kufungua faili hainiingii akilini. Kampuni yenye mkataba halali imekwisha kulipwa, au italipwa, na taasisi kwa kazi hiyohiyo ya kufungua faili. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaohusu wakala binafsi wa ajira, unasema katika kifungu cha 7 kwamba wakala wasiwatoze wafanyakazi ada au gharama yoyote, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka, yote au sehemu yake. Nchi inaweza kuruhusu vighairi kwa makundi fulani baada ya mashauriano na vyama vya waajiri na wafanyakazi, na si nchi zote zimeuridhia. Lakini hata pale sheria inapomruhusu wakala kutoza kitu kwa huduma fulani, siijui taasisi ya umma yenye akili zake ambayo ingekubali kizingiti cha fedha kati yake na waombaji. Ushindani ambao mtu analipia ili aingie si wa wazi tena.

Na ile ahadi ya kuanzia kwenye usaili? Ikiwa ni ya uongo, umetapeliwa. Ikiwa ni ya kweli, hali ni mbaya zaidi kwako. Anayeingia kwenye usaili bila kupita mchujo ambao wenzake wamepita anaweza kupingwa na mwombaji yeyote aliyeachwa, na uteuzi ukafutwa baada ya wewe kuwa umeacha kazi yako ya sasa. Makosa ya utaratibu serikalini hayazeeki haraka. Mkaguzi anaweza kulifungua faili miaka mitatu baadaye, na jina litakalosomwa humo ni lako.

Lakini usikimbilie kuhitimisha kwamba aliyekupigia ni tapeli. Kuna uwezekano wa aina tatu hapa, na kila mmoja unahitaji hatua tofauti. Inawezekana kampuni ni halali, ina mkataba, na mtu mmoja wa ndani, au mtu wa nje aliyeiba jina lake, anajitafutia chake. Inawezekana kampuni ni halali lakini haina mkataba wowote kwa nafasi hii. Imeliona tangazo kama ulivyoliona wewe, na inakusanya wasifu za watu wenye sifa ili ijaze kanzidata yake, au ili siku ya zabuni ionyeshe kwamba ina watu. Hili ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani, na wengi wanaochukuliwa vyeti hivyo hawajui kwamba hawajaomba kazi yoyote. Au inawezekana ni matapeli tangu simu ya kwanza.

Njia ya kutenganisha ni moja, nayo ni nyepesi. Chukua namba ya simu iliyo kwenye tangazo au tovuti ya taasisi yenyewe, usitumie ile uliyotumiwa na kampuni. Omba kuongea na kitengo cha utumishi. Uliza kama wamemkodi mtu yeyote kutafuta au kuchuja waombaji wa nafasi hiyo, na kama ndiyo, mawasiliano yake rasmi ni yapi. Si siri. Mkataba wa ununuzi wa umma ni jambo linaloweza kutajwa, na nchi nyingi huchapisha majina ya washindi wa zabuni. Wakikwambia hakuna kampuni, jibu umelipata. Wakikwambia ipo, na ni hiyo, waeleze pia kuhusu ada, kwa maandishi. Taasisi inahitaji kujua mkandarasi wake anafanya nini kwa jina lake, na kitengo kizuri kitakushukuru. Usihofu kwamba utaonekana mkorofi. Nafasi yenyewe ni ya ukaguzi, na aliyeshindwa kuuliza swali hilo angenipa mashaka zaidi.

Wakati huohuo, omba kupitia mfumo wa taasisi, leo kama unaweza. Tangazo limesema maombi yapite huko, na tangazo ndilo sheria ya mchezo. Hata kampuni ikiwa ya kweli, ombi lako kwenye mfumo ndilo lenye tarehe, namba na kumbukumbu ambayo unaweza kuirejea ukilalamika. Jihadhari na jambo moja linalowaangusha watu wazuri: wasifu mbili zinazotofautiana. Tuseme uliyomtumia mtu wa kampuni kwa haraka inasema uliacha kazi ya kwanza mwezi wa tatu, uliyoweka kwenye mfumo inasema mwezi wa sita. Anayechuja hajui kwamba ulikosea kuandika. Anaona mtu ambaye tarehe zake hazishikamani, na kwa mkaguzi hilo ni doa kubwa. Zilinganishe mstari kwa mstari, na wajulishe wote wawili kwamba ya mfumoni ndiyo sahihi. Kama fomu ina sehemu ya kueleza ulivyoisikia nafasi, taja kwamba ulipigiwa na kampuni. Kuficha hakukusaidii.

Kwa kuwa umefika hapo, nikuonyeshe karatasi ya mchujo inavyokuwa, iwe imejazwa na kampuni au na kitengo. Nimezisoma nyingi mezani na hazitofautiani sana. Upande wa kushoto kuna vigezo vya tangazo, kimoja kimoja, kama vilivyoandikwa. Katikati, anakidhi au hakidhi. Upande wa kulia, ushahidi: cheti gani, barua gani, ukurasa gani wa faili. Hakuna safu ya "anaonekana anafaa". Tuseme tangazo linataka miaka mitano ya kusimamia kazi za ukaguzi. Wewe umeandika kwenye wasifu "mkaguzi mwandamizi wa mifumo, miaka mitano." Anayejaza karatasi anatafuta neno kusimamia. Je, kuna barua ya cheo inayoonyesha ulikuwa na watu chini yako, na kuanzia tarehe gani? Haipo. Anaandika hakidhi, na hapo safari imeisha, hata kama kwa kweli uliongoza timu muda wote huo. Mtu wa kampuni anayeijua kazi yake angekupigia akuombe barua hiyo kabla ya kukabidhi orodha. Hiyo ndiyo faida halisi ya kampuni nzuri kwa mwombaji, na ni kubwa. Ukiomba mwenyewe, jipigie simu hiyo wewe: pitia tangazo kigezo kwa kigezo, na mbele ya kila kimoja andika karatasi itakayokithibitisha. Kwa nafasi ya fani yako, cheti cha CISA, kile cha kimataifa cha wakaguzi wa mifumo ya kompyuta, au kingine chochote tangazo linachokitaja kiwe hai, ada zake za kukitunza zimelipwa, maana cheti kilichokwisha muda huhesabiwa hakipo.

Je, uendelee na kampuni ikithibitika ni ya kweli? Nadhani ndiyo, kwa macho yaliyofumbuka. Wanaijua kazi kuliko tangazo linavyosema. Wanaweza kukwambia kwa nini aliyetangulia aliondoka, kitengo kina watu wangapi, na kama bodi inamsikiliza mkaguzi wake. Wanatunza siri, jambo la maana kwako uliye kazini. Ila kumbuka mteja wao ni taasisi. Wakiona mwingine anafaa zaidi hawatakutetea, na hawapaswi. Usitegemee pia wakupatie mshahara mnono kwa majadiliano kama sekta binafsi, kwa sababu ngazi za mishahara serikalini mara nyingi zimekwisha pangwa na kampuni haina inachoweza kusogeza. Na waambie kwa maandishi kwamba wasifu wako utumike kwa nafasi hii pekee. Bila hilo, unaweza kukutana na jina lako kwenye meza ya mwajiri ambaye hukumwomba kazi, au mbaya zaidi, ya mshindani wa mwajiri wako wa sasa.

Ikithibitika si wa kweli, una kazi ndogo ya kusafisha. Waandikie ukiondoa ridhaa yako na uwatake wafute nyaraka zako. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zinakupa haki hiyo katika nchi nyingi. Kenya ilipitisha yake mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022. Matapeli hawatajibu, lakini barua yako itakuwa kumbukumbu ikitokea nakala ya kitambulisho chako imetumika kuombea mkopo. Wajulishe wadhamini wako kwamba wasimpe mtu huyo taarifa zaidi. Kama umekwisha lipa chochote, nenda polisi ana kwa ana ukiwa na ujumbe, namba na risiti ya muamala. Na mtu yeyote akikwambia ana mtu wake ndani atakayelimaliza jambo, hapo pa kwenda ni kwenye chombo cha kupambana na rushwa, kwa sababu anachouza ni kosa la jinai, na mnunuzi naye anaweza kushtakiwa.

Sasa mdogo wako. Hali yake ni tofauti kabisa na yako, ingawa wote mnataja kampuni na serikali. Wewe unatafutiwa kazi ambayo mwajiri wake atakuwa taasisi. Yeye ameajiriwa na wakala, na wakala ameikodishia taasisi nguvu kazi yake. Anakaa kwenye dawati la serikali, anavaa kitambulisho cha mgeni au cha mkandarasi, anapokea maelekezo ya siku hadi siku kwa ofisa wa serikali, lakini mkataba na mshahara vinatoka kwa wakala. Kuthibitishwa kazini ni jambo la mtu aliyepewa barua ya ajira na mamlaka ya umma akawekwa kwenye kipindi cha majaribio. Kama hana barua hiyo, hakuna saa inayohesabu.

Serikali zenyewe huhofia mkanganyiko huu. Kwenye kanuni za Marekani nilizozitaja, wafanyakazi wa muda wa kampuni binafsi wanaruhusiwa kwa siku 120 za kazi, zinaweza kuongezwa, lakini zisizidi 240 ndani ya miezi 24, na kanuni zinakataza wazi uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa kati yao na serikali. Uingereza wameshughulikia upande wa haki: kwa kanuni za mwaka 2010, mfanyakazi wa wakala akifikisha wiki 12 kwenye kazi moja anastahili malipo na masharti ya msingi sawa na walioajiriwa moja kwa moja. Hata hivyo usawa huo wa malipo haumfanyi mtumishi wa umma. Mahali pengine mahakama au mabaraza ya kazi huangalia uhalisia: nani anamwongoza, nani anaweza kumfukuza, amekaa muda gani. Matokeo hutegemea sheria ya nchi na karatasi zilizopo, na hapa ushauri wangu wa mbali unafikia kikomo.

Anachoweza kufanya leo ni kufungua mkataba wake asome ni nani ametajwa kuwa mwajiri. Aangalie hati ya mshahara, nani ameitoa. Kisha aende kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii aombe taarifa ya michango yake, aone kama makato yanayoonekana kwenye hati yamefika kweli. Hilo la mwisho ni la haraka kuliko yote, kwa sababu wapo wakala wanaokata na hawapeleki, na mfanyakazi hugundua siku anapougua au anapoachishwa. Halafu aanze kuomba nafasi zinazotangazwa, ikiwemo kwenye ofisi hiyohiyo. Miaka miwili aliyokaa humo haimpi cheo, lakini ni uzoefu halali. Amwombe msimamizi wake wa sasa barua inayoeleza kazi alizofanya na tarehe, akiwa bado yupo na wanaelewana. Barua ya namna hiyo ni ngumu kuipata baada ya mkataba wa wakala kuvunjika.

Na amwone afisa kazi wa eneo lake, ana kwa ana, akiwa na mkataba, hati za mishahara za miezi ya karibuni na taarifa ya michango. Aende sasa, mkataba ukiwa hai, kwa sababu madai mengi ya kazi yana muda maalumu wa kuyafungua, na kwenye baadhi ya nchi muda huo huhesabiwa kwa siku chache tu tangu mtu aachishwe.